Mionzi, presha au jua: njia ipi ya kuzishinda spora kwenye samaki wa Kigoma?

Chupa kumi na nne za migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, walioungwa kwa mawese nilizifukia shimoni nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, Katonga, bila kuonja hata moja. Nilikuwa nimezichemsha saa tatu nzima kwenye sufuria ya shughuli, nikakaza vifuniko vingali vya moto, nikazipanga kwenye rafu nikijiona tayari ni mwenye kiwanda. Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake anachagua mchele. "Mama, maji yamechemka tangu adhuhuri," aliniambia, "mdudu gani tena atakuwa amebaki humo?" Wiki ya tatu kifuniko cha kwanza kilikuwa kimetuna katikati kama kitovu cha mtoto. Nikakibonyeza, tak, kikaingia. Nikaachia, kikarudi juu. Cha pili vilevile. Nyingine kumi na mbili vifuniko vyake vilikuwa bapa kabisa, na hizo ndizo zilizonitia hofu zaidi.

Mdudu anayebaki anaitwa Clostridium botulinum, bakteria wa udongoni na wa matope ya chini ya maji. Akiwa macho anakula na kuzaana, kumuua ni kazi nyepesi. Shida ni spora zake. Mambo yakimwia magumu hujifungia ndani ya magamba kadhaa, hupunguza maji ya kiini chake hadi kubaki kidogo sana, kisha hulala, hata miaka. Chupa iliyofungwa isiyo na hewa, isiyo na uchachu, yenye unyevu na joto la kwetu, ndiyo inayomwamsha. Akishaamka hutoa sumu inayolegeza misuli: kope huanguka, ulimi unakuwa mzito, koo halimezi, mwisho kifua hakivuti pumzi. Huwezi kutegemea pua wala ulimi kuigundua sumu hiyo, na si lazima kifuniko kivimbe.

Baada ya hasara ile, kijana mmoja anayenunua dagaa wangu kwa ajili ya soko la Dar es Salaam alinipigia simu akiwa na wazo: "Dada, wenzetu nje wanapiga chakula mionzi, kinakaa rafuni bila friji. Sisi tunangoja nini?" Swali lake lilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Ninaloandika hapa ni kwa mtu mwenye samaki au asali mkononi, pesa yake si nyingi, na anataka kujua aiweke wapi.

Kwanza, saa tatu zangu zilikosea wapi

Viwanda vya makopo duniani vina kipimo kimoja cha chini kwa vyakula visivyo vichachu: nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 3, zikihesabiwa katikati kabisa ya chakula. Hapo spora hupungua mara trilioni moja. Sasa, kila joto linaposhuka nyuzi 10, muda unaohitajika huzidishwa mara kumi. Nyuzi 111 ni dakika 30. Nyuzi 101 ni dakika 300, yaani saa 5.

Na sisi hatufiki hata hiyo 101. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Kigoma huchemka kwenye nyuzi 97 na ushei. Piga hesabu hiyohiyo: utahitaji zaidi ya saa 11 za kutokota. Tabora, iliyo juu karibu mita 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96, na hesabu inakaribia saa 16. Ongeza kuni upendavyo, sufuria iliyo wazi haitapanda juu ya hapo. Nilipomweleza shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo maana maharage ya kwa wakwe zake Tabora yalikuwa hayaivi. Sikubishana naye, ana haki.

Sufuria ya presha

Ukiufungia mvuke ndani, joto linapanda. Hiyo ndiyo siri yote ya makopo ya samaki unayoyaona dukani. Kwa nyumbani na vikundi vidogo, mwongozo uliopimwa vizuri ni ule wa Wizara ya Kilimo ya Marekani: samaki kwenye chupa za kioo za nusu lita, dakika 100. Kwa miinuko ya Kigoma na Tabora, mshale wa geji usomeke ratili 12 kwa inchi ya mraba. Kama sufuria ni ya kizito cha juu badala ya geji, tumia kizito cha ratili 15. Presha hiyo inakupa nyuzi kama 116, ndiyo maana muda ni mrefu kuliko wa kiwandani. Kabla ya kuanza kuhesabu, mvuke uachwe utoke kwa nguvu dakika 10 ili hewa yote iondoke, maana hewa iliyobaki hudanganya geji. Presha ikishuka chini ya kipimo katikati ya safari, unairudisha juu na kuanza kuhesabu upya tangu sifuri. Kwa mkaa hilo ni balaa. Mimi natumia gesi.

Mambo mawili yanawaponza watu. Presha kuka ndogo ya kupikia maharage, ile isiyo na geji, haikupimwa kwa kazi hii. Hupata moto haraka na kupoa haraka, na sehemu ya kazi ya kuua hufanyika wakati sufuria kubwa inapopanda na kushuka taratibu. La pili ndilo lililonihusu mimi: dakika 100 zilipimwa kwa samaki mtupu na chumvi, bila kimiminika. Ukijaza mawese umebadilisha namna joto linavyosafiri ndani ya chupa, na hakuna aliyekupimia. Mawese tia siku ya kula.

Faida yake? Chupa inakaa nje ya friji, mifupa ya migebuka inalainika hadi unaitafuna, na joto hilo linavunja pia sumu kama ilishaanza kutengenezwa. Hasara ni ladha. Kila kinachotoka humo kina ile harufu ya kopo, na dagaa ndio wanaoumia zaidi. Niliwajaribu mara moja: nilifungua chupa nikakuta uji wa kijivu wenye macho.

Mionzi

Nianze na hofu, maana neno lenyewe linatisha watu. Chakula kilichopigwa mionzi ya gama hakigeuki kuwa na mionzi, kama vile mtu aliyepigwa picha ya kifua hatoki pale anang'aa. Kobalti-60, chanzo kinachotumika sana, ndiyo iliyotumika miaka mingi kwenye mashine za kutibu saratani, hospitali ya Ocean Road ya Dar es Salaam ikiwemo. Na Watanzania tuna historia nyingine nzuri ya mionzi ambayo wengi hatuisimulii: ndorobo dume waliozalishwa Tanga walipigwa mionzi wakawa tasa, wakarushwa kwa ndege juu ya Unguja, na kufikia 1997 kisiwa kikatangazwa hakina ndorobo tena. Sisi wa Kigoma na Tabora, tunaowajua ndorobo kwa majina yao yote, tungepaswa kuiheshimu kazi hiyo.

Kwa hiyo swali halihusu usalama wa mlaji. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO, IAEA na WHO, mashirika ya kimataifa ya chakula, nguvu za atomiki na afya, ilikubali mwaka 1980 kwamba chakula chochote kilichopata hadi kilogrei 10 ni salama (grei ni kipimo cha mionzi inayoingia kwenye kitu, na kilogrei ni grei elfu moja), na mwaka 1997 kikundi kingine cha wataalamu kikasema hata juu ya hapo hakuna tatizo. Swali linahusu dozi.

Salmonela hupungua mara kumi kwa nusu kilogrei hivi. Spora ya botulinum inataka kilogrei 3 hadi 3.5 kwa punguzo hilohilo. Mionzi hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuvunja molekuli za maji ndani ya seli, na vipande vinavyotokea ndivyo vinavyoshambulia vinasaba. Spora haina maji ya kutosha ya kuvunjwa, na vinasaba vyake vimezungushiwa protini za kuvilinda. Kufikia punguzo la mara trilioni, kama lile la makopo, unahitaji kilogrei 42 hadi 45. Mtu mzima anaweza kufa kwa grei 5 tu mwili mzima. Hii ni mara elfu tisa ya hapo. Ajabu ni kwamba kama kilichopigwa ni maji, dozi yote hiyo ingeyapandisha joto nyuzi 11 tu. Hakiivi kitu humo.

Na kwa sababu hakiivi, vimeng'enya vya samaki vinabaki vinafanya kazi na kumlainisha hadi anaharibika mwenyewe rafuni. Inabidi umpashe kwanza kwenye nyuzi 70 hadi 75, umfungashe bila hewa, umgandishe hadi nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, ndipo apite kwenye mionzi akiwa bado barafu. Kugandisha huko ni kwa ajili ya ladha: barafuni vile vipande vya molekuli havitembei sana, mafuta hayachachi. Migebuka na dagaa wetu wana mafuta. Uwapige kilogrei 45 wakiwa kwenye joto la jua la Kibirizi, watatoka na harufu inayokumbusha manyoya yaliyobabuliwa na chupa ya mafuta iliyosahaulika dirishani.

Wamarekani walilipigania jambo hili miaka mingi kwa ajili ya jeshi. Mwaka 1963 walikubaliwa kuuza nyama ya nguruwe ya chumvi iliyohifadhiwa kwa mionzi kwenye makopo, na mwaka 1968 kibali kikafutwa. Waliofaidi kweli ni wanaanga: nyama zao zilizogandishwa zina kibali cha dozi ya kilogrei 44 na kuendelea, na huliwa huko juu bila friji. Afrika Kusini nao walitengeneza nyama za namna hiyo, za kukaa bila friji. Wote hao ni watu ambao bei si kikwazo, au uzito na ukosefu wa friji vinawagharimu zaidi ya mionzi yenyewe.

Sasa vaa viatu vya mwenye kikundi cha watu kumi na wawili mwaloni. Kituo cha kobalti ni chumba chenye kuta za zege zinazokaribia mita 2 unene, na bwawa la maji la kina cha mita 6 hivi la kuzamishia chanzo wakati watu wanaingia. Ni mradi wa dola milioni kadhaa, wenye leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kobalti hupungua nguvu nusu kila baada ya miaka 5.27, karibu asilimia 12 kwa mwaka, iwe una mzigo au huna. Serikali ilipolifunga ziwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mitumbwi ilipumzika, wavuvi walilalamika, chanja zikakauka. Kobalti isingepumzika. Mashine ya elektroni, chanzo kingine cha mionzi, angalau huzimwa kama taa, lakini nayo inataka umeme wa uhakika na mzigo wa kuilisha mwaka mzima.

Kuna mtego ambao mnunuzi wangu wa Dar es Salaam alikuwa anaukaribia bila kujua. Alisema, "Basi tupige dozi ndogo, kilogrei 3 au 5, halafu tufunge kwenye nailoni bila hewa." Dozi hiyo inaua bakteria wa kawaida wanaomfanya samaki anuke, na kuziacha spora nyingi zikiwa hai. Umewaondoa mbwa wote wa ulinzi ukamwacha mwizi. Samaki mbichi au mwenye unyevu aliyepata dozi hiyo, akafungwa bila hewa na kuachwa kwenye joto, anaweza kuwa na sumu huku akinukia vizuri kabisa. Dozi ya kati kwa samaki mbichi lazima iende na barafu mwanzo hadi mwisho. Tena mionzi, tofauti na presha, haivunji sumu iliyokwisha kutengenezwa. Samaki aliyeingia ameharibika atatoka ameharibika.

Jua, moshi na chumvi ya Uvinza

Njia hii haiui spora hata moja. Inazilaza na kuzinyima maji ya kuamkia, basi. Kwa miaka mingi niliiona ni njia ya maskini wasio na kiwanda. Siku hizi naiona tofauti.

Nenda Katonga saa mbili asubuhi. Dagaa wa usiku wamekwisha kuoshwa, wanamwagwa juu ya chanja za wavu zilizoinuliwa kufika kiunoni, kisha mikono inapita haraka kuwatandaza hadi kila mmoja anapata nafasi yake. Wakigusana, pale walipogusana pataoza. Jua likiwa zuri, jioni wameshakuwa fedha kavu. Kipimo cha shangazi ni sikio: anachukua mmoja, anamkunja karibu na sikio, na asipokatika kwa mlio anarudisha mzigo wote juani kesho. Mkavu wa namna hiyo, spora ya botulinum haiwezi kumfanya kitu, na hata ukungu unapata taabu. Wale wa kuanikwa mchangani nisingewanunua kwa biashara; spora ni watu wa udongo, unawabebesha dagaa mzigo bila sababu.

Migebuka ni wakubwa, wana tumbo, na hapo ndipo ukaushaji unapofanya mzaha wa hatari. Misri, mwaka 1991, watu 91 walilazwa na 18 wakafa kwa kula fesikhi, samaki wa chumvi ambaye kwa desturi hatumbuliwi na huachwa kwanza aanze kuoza. Matumbo ndiyo makazi ya spora, na chumvi inachelewa kufika ndani. Kwa hiyo pasua, toa vyote, safisha uti wa mgongo, ndipo utie chumvi. Maji yaliyomo kwenye nyama yakifikia asilimia 10 ya chumvi, aina zote za botulinum zinashindwa kuota. Asilimia 5 inazuia zile dhaifu tu. Chumvi ya Uvinza inatosha kabisa, mradi upime kwa mizani, si kwa kiganja. Moshi peke yake ni harufu na rangi. Kinacholinda ni ukavu. Migebuka wa moshi aliye laini katikati, akafungwa kwenye nailoni iliyobana, ni ile chupa yangu kwa umbo lingine.

Udhaifu wa njia hii unajulikana: mvua. Kuanzia Novemba unaweza kupoteza mzigo wa siku tatu mfululizo, na kikaushio cha jua cha nailoni angavu kinasaidia ila hakitengenezi jua. Mnunuzi naye alowekaye dagaa usiku kucha awapikie mchana wa kesho, anaziamsha spora mwenyewe. Lowesha, pika, kula siku hiyohiyo.

Mahali mionzi inaposhinda

Nisingependa uondoke ukidhani mionzi haina kazi kwetu. Asali ya Tabora inaweza kuwa na spora hizohizo, zimelala fofofo kwa sababu asali haina maji ya kuziamsha. Mtu mzima anakula bila shida. Mtoto chini ya miezi 12 tumbo lake bado halijakomaa, spora zinaweza kuota humo, ndiyo maana halambishwi asali, hata ya baraka. Kuichemsha hakusaidii: utaua harufu na vimeng'enya, spora zitabaki zinakutazama. Lakini asali inayouzwa kwa ajili ya kufungia vidonda hospitalini husafishwa kwa mionzi ya gama, kwa kawaida kilogrei 25, na nguvu yake ya kupambana na vijidudu inabaki. Joto haliwezi kazi hiyo. Mfuga nyuki wa Sikonge au Urambo akipata soko hilo nje, asiikimbie mionzi; aiulize bei.

Viungo pia. Pilipili manga na binzari huanikwa chini, hujaa spora, na ndizo zinazopeleka spora ndani ya soseji na makopo. Hadi kilogrei 10 hupunguza sana mzigo huo bila kupoteza manukato kama mvuke unavyofanya.

Ningechagua hivi

Dagaa: jua, chanja, na subira, kila shilingi ya ziada iende kwenye wavu, mizani na mifuko mizuri. Migebuka wa kuuza wakavu: watumbuliwe, chumvi kwa uzito, moshi hadi ndani pakauke. Migebuka laini wa kwenye chupa, sufuria kubwa yenye geji, gesi, dakika 100, na ukitaka kuuza dukani upitie TBS, Shirika la Viwango, ambao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, watakuelekeza pa kuanzia. Mionzi kwa samaki wetu, kwa sasa hapana; labda siku kitakapokuwepo kituo cha wengi kinachohudumia viungo, asali na vifaa vya hospitali, nasi tupitishie humo mzigo wetu kwa kulipia kilo.

Mnunuzi wangu hakufurahi sana na jibu, ila aliagiza. Alhamisi mzigo wa dagaa ulipanda treni ukiwa mkavu wa kulia kama njugu, na chupa sita za migebuka kwa majaribio zikiwa zimezungushiwa magazeti. Shangazi alizikagua moja moja kabla ya kufungwa, akabonyeza kila kifuniko kwa kidole gumba. Sufuria yenyewe bado haisogelei. Anaiita "bomu lako", na ikianza kufoka anahamisha kigoda chake hadi chini ya mwembe.